Picha ya Nane ya Laurian Mughwai

Miaka ile ya mwanzo ya Azimio la Arusha, ukiuliza habari za Laurian Mughwai pale Singida mjini, ungeulizwa kwanza: unamtaka karani wa mifugo au yule wa ndege? Na alikuwa mtu mmoja huyo huyo. Kazini aliandika idadi ya ng'ombe waliochanjwa, waliokufa na waliopelekwa mnadani. Lakini saa yoyote aliposikia mngurumo angani aliweka kalamu chini, akatoka nje na kusimama akitazama juu mpaka mngurumo uishe. Kisha alirudi ndani, akafungua daftari jingine lenye jalada la kijani, akaandika tarehe, saa, upepo ulikotoka, na herufi za ubavuni mwa ndege kama alizisoma. Kama hakuzisoma, aliandika "hazikuonekana." Hakubahatisha.

Daftari la kwanza alilianza mwaka 1958, akiwa mwanafunzi wa sekondari Tabora. Katika kurasa zile ndege za nchi hii zilianza na herufi VR-T. Baada ya Uhuru zilibadilishwa zikawa 5H. Mahali mabadiliko yalipotokea Laurian alipiga mstari mmoja wa wino mwekundu, bila maneno, akaendelea.

Kamera aliipata kwa padre mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa ya sanduku, nyeusi, isiyo na cha kurekebisha. Unaiegemeza tumboni, unainamisha kichwa kutazama kioo kidogo cha juu, unabonyeza. Mkanda mmoja ulitoa picha nane, na katika kioo kile kulia huonekana kushoto na kushoto huonekana kulia. Kwa kamera hiyo Laurian alikuwa amekwenda kwenye maonyesho ya ndege Dodoma mwaka 1963, Tabora mwaka 1965, na Arusha mwaka uliofuata. Likizo zake zote ziliishia huko, juu ya malori na katika behewa la daraja la tatu kutoka Itigi. Mkewe Yustina alizoea. Wanaume wengine likizo zao ziliishia kwenye pombe, alisema, na ndege angalau hainuki mdomoni.

Katika safari hizo zote Laurian alipata picha arobaini na moja, na zote zilizofaa zilikuwa za ndege zilizosimama chini. Za ndege zilizo hewani zilitoka kama kidole kilichopakwa masizi. Ndege iliyotulia ardhini, alisema, ni kama ng'ombe aliyelala: unajua ni ng'ombe, lakini hujui anatembeaje. Alitaka moja tu, ndege ikiwa hewani, herufi zake zikisomeka.

Chrispin, mwenye studio karibu na soko, ndiye aliyemweleza kosa lake. Jicho la kamera ile ni zito, alisema, haliwahi. "Usiisubiri ndege ifike ulipo. Igeukie mapema, uifuate kwa kiwiliwili chote, na wakati unabonyeza usiache kugeuka."

Kwa hiyo mwaka mzima Laurian alifanya mazoezi kwa mwewe. Mwewe walikuwa wengi juu ya machinjio, na kazi yake ilimpeleka huko kila Jumanne na Ijumaa kuhesabu ngozi. Akimaliza, alisimama na kamera tupu tumboni, akazunguka taratibu kwa kiuno, akimfuata mwewe mmoja katika kioo mpaka atoke upande wa pili. Wachinjaji hawakumwacha.

"Karani, huyo umeshamwandika jina?"

"Mwambie acheke kidogo."

"Huyo ndiye aliyechukua utumbo wangu jana, ukimpata mkamate."

Laurian aliwasalimia, akaendelea kuzunguka. Hadi Mei mwaka 1969 alikuwa amefika mahali ambapo mwewe hakumtoka tena katikati ya kioo. Kilichobaki ni ndege na mkanda. Mikanda ilikuwa imeadimika. Chrispin alikuwa na mmoja wa aina ile, akamwekea, akamwambia kwamba mwingine labda utakuja mwakani, labda usije kabisa.

Mwezi ule ule ilikuja barua.

Mvua za Machi zilikuwa zimekatika mapema mwaka huo. Uwele ulikauka ukiwa umefika magotini, na kuanzia Ikungi hadi Puma watu walikuwa wakiuza mbuzi ili kununua chakula. Serikali ilileta sembe kwa malori, ikawekwa ghalani mjini na kugawiwa kwa zamu vijijini. Pamoja na hayo Saba Saba ilikuwa haina budi kusherehekewa, na katibu wa kamati ya sherehe, Bonaventura, mtu mchapakazi aliyekuwa mwalimu zamani, alikuwa ameandikia klabu moja ya marubani kuwaomba waje kuonyesha ndege kwenye kiwanja cha Singida. Jibu lilikuja kwa Kiingereza. Bonaventura alimwita Laurian alisome mbele ya kamati, maana kwa mambo ya ndege hakukuwa na mwingine.

Klabu ilikubali. Ingeleta ndege tatu, na mwisho wa maonyesho marubani wangeshindana kulenga duara lililochorwa chini, wakiangusha mifuko ya karatasi. Sentensi ya mwisho ilisema hivi: kamati itayarishe mifuko sitini, kila mmoja ratili moja ya unga, au ya chokaa kavu iwapo unga ni shida kupatikana.

Laurian alikuwa ameyaona yote mawili. Tabora walitumia chokaa, nayo ilianguka kama jiwe, ikatoa kishindo, ikabaki bonge. Dodoma walitumia unga. Mfuko ulipogusa ardhi, unga ulifunguka ukapanda juu kama pamba inavyopasuka. Akilini aliiona ile pamba nyeupe juu ya udongo mwekundu, na ndege imeinama pembeni yake, herufi zinasomeka. Akaisoma barua mpaka neno "unga", akaweka nukta mahali ambapo mwandishi hakuiweka, akaikunja na kuitia mfukoni.

Bonaventura alifikiri kidogo. "Uwele hautafaa? Wa kuokoteza haukosekani."

"Uwele ni wa kijivu, Ndugu Katibu. Watu hawatauona kutoka mbali. Sembe ndiyo nyeupe."

"Sembe ya ghalani ni ya njaa, Ndugu Laurian."

"Ni ratili sitini. Na ndege tatu hazijawahi kutua hapa kwa siku moja."

Hayo yote yalikuwa kweli. Bonaventura alikuwa na wageni wa kuwapokea siku hiyo, naye alizitaka ndege. Akatia sahihi hati ya unga iliyoandikwa na Laurian. Kwa ajili ya kuchora duara walichukua madebe mawili ya chokaa kutoka idara ya ujenzi. Iliyotumika haikufika nusu debe.

Mchana wa kuamkia sherehe mifuko ilijazwa nyumbani kwa Laurian. Yustina alikalia mkeka na jirani yao Sara, mmoja akipima kwa kopo, mwingine akikunja midomo ya mifuko. Laurian alihesabu. Walipomaliza, Yustina alichukua bawa la kuku, lile analofagilia unga jiweni, akaufagia mkeka wote, kisha sakafu kuuzunguka mkeka, akapata kiasi cha kujaza kiganja. Akakitia kwenye bakuli na kulifunika.

"Huu mwingine unatupwa kweli?" aliuliza.

"Unaangushwa," Laurian alisema.

Sara, alipofika kwake, aliwaambia watu aliokutana nao alichokuwa akikifanya mchana kutwa: kufunga sembe kwenye mifuko ya ratili moja moja, itakayopakiwa kwenye ndege. Kila aliyesikia alimalizia mwenyewe. Hadi jioni ilikuwa inajulikana mpaka vijiji vya barabara ya Ikungi kwamba kesho unga wa njaa utagawiwa na ndege.

Asubuhi ya Saba Saba upepo ulivuma kutoka mashariki, ule upepo mkavu wa Julai ambao wenyeji wa Singida hawauzungumzii maana hauishi. Laurian aliuandika. Alipewa bendera nyekundu na kusimamishwa hatua mia kutoka kwenye duara. Kazi yake ilikuwa ile inayofanywa kiwanjani hapo siku zote: ng'ombe akiingia, au mtu, inua bendera, rubani apae tena. Aliwaona watu wakijaa nyuma ya kamba. Aliwaona wanawake wengi waliokuja na nyungo na vikapu, akadhani wametoka sokoni.

Ndege zilitua saa nne, mbili nyeupe, na moja ya zamani, ya njano, yenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine. Laurian alipiga picha nne zikiwa zimesimama, kwa kawaida tu, kama mtu anayesalimia kabla ya kusema lililomleta. Mifuko ikapakiwa, ishirini kila ndege. Mlengaji alikaa kiti cha pili, mifuko magotini.

Ndege nyeupe ya kwanza ilipita chini, ikaangusha. Mfuko ulipasuka nje ya duara, unga ukafunguka kama alivyoukumbuka. Watu walishangilia. Laurian alipiga picha ya tano, akahisi mkono wake umetangulia. Ya sita alihisi umechelewa. Ya saba hakuwa na hakika nayo. Akakata shauri kuitunza ya nane kwa ajili ya ndege ya njano, kwa kuwa ilikwenda polepole kuliko wenzake.

Nyuma ya kamba ushangiliaji ulikuwa umepungua. Watu walikuwa wameuona unga ukipasuka, ukipanda na kuchukuliwa na upepo kuelekea barabarani, na walikuwa wakingoja mtu aende kuuokota. Hakwenda mtu. Ndege nyeupe ya pili ilipomaliza mifuko yake, mwanamke mmoja aliinua kamba, akapita. Wakamfuata kumi, kisha hamsini. Mgambo wawili walijaribu kuwazuia, wakaona waliokuwa wanawazuia ni mama zao na shangazi zao.

Wanawake hawakugombana. Waliofika kwanza walivua khanga za juu, wakazishika wawili wawili upande wa mashariki, wakiukinga upepo. Wengine walipiga magoti nyuma ya ukuta ule wa nguo, wakakusanya unga kwa viganja pamoja na vumbi lake, wakatia kwenye nyungo. Walikuwa katikati ya duara la chokaa.

Ndege ya njano ilikuwa imeshageuka na inashuka.

Laurian aliinamisha kichwa. Katika kioo aliiona ikitokea kulia, akijua iko kushoto. Aliyaona magurudumu yakiwa chini, na herufi nyeusi zikizidi kukua. Nyuma yake wingu la unga wa mifuko iliyotangulia lilikuwa bado halijatawanyika. Alianza kuzunguka kwa kiuno kama kwa mwewe, na ndege haikumtoka katikati. Chini ya ndege, katika kona ya kioo, kulikuwa na ukuta wa khanga na migongo iliyoinama.

Alijua mambo mawili ambayo wale wanawake hawakuyajua. Pua ya ndege ya namna ile ni ndefu, na rubani haoni kilicho mbele yake kwa chini. Na mfuko wa ratili moja ukitoka juu kwa mwendo ule si mfuko tena. Tabora aliona mmoja ukivunja benchi.

Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Akakiondoa. Kamera ikaning'inia shingoni kwa ukanda wake, naye akainua bendera kwa mikono miwili na kukimbilia duara.

Injini ya ndege ya njano ilibadili sauti. Ikainua pua, ikapita juu ya khanga na kupaa, mifuko yake yote ikiwa bado magotini mwa mlengaji. Haikurudi kulenga. Marubani walipoona kiwanja kimejaa watu walitua kwa shida upande wa mbali, wakasema imetosha.

Bonaventura alimjia akiwa ameshika kipaza sauti, jasho likimtoka. Alitaka kujua nani aliamuru maonyesho yasimamishwe mbele ya wageni.

"Bendera ndiyo kazi mliyonipa," Laurian alisema.

"Nilikupa kwa ajili ya ng'ombe."

"Na watu."

Bonaventura aliwatazama wale wanawake, akaichukua bendera mkononi mwa Laurian, akaondoka nayo.

Bila bendera Laurian hakuwa na kazi. Alitembea mpaka mwisho wa kiwanja, penye kichuguu kikubwa, ambako baadhi ya wanawake walikuwa wamejificha upepo ili wapepete. Mmoja wao alikuwa mama yake, Dorkas, aliyetoka kijijini karibu na Ikungi alfajiri, kwa miguu. Hakuwa amemwambia mwanawe kwamba angekuja. Alikuwa amepiga magoti, ungo mikononi, akitenga mchanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakusimamisha ungo. "Walisema unga utaletwa na ndege. Hawakusema utatupwa."

Laurian alichuchumaa. "Haukuletwa na ndege, mama. Umetoka ghalani hapa hapa. Mimi ndiye niliyeuandika."

Dorkas alipepeta mara tatu au nne zaidi. Alipojibu, alijibu kwa Kinyaturu, kama alivyofanya alipotaka jambo libaki kati ya watu wa kwao.

"Ungeandika uwele," alisema. "Uwele wa jiwe ni mzito, haupeperuki hivi."

Wanawake wengine wakacheka kidogo, kwa kuwa lilikuwa kweli. Laurian akachukua ungo wa pili uliokuwa pale, akaanza kuchambua vijiwe, vibaya, kama mwanaume.

Saa tisa ndege ziliondoka moja moja. Ya njano ilikuwa ya mwisho. Upepo ukiwa wa mashariki, ilibidi iruke kuukabili, kuelekea kwenye kichuguu. Laurian aliposikia injini ikikaza alisimama. Hakupanga chochote. Mikono yake ilikuwa myeupe, ikaacha alama kwenye sanduku la kamera. Ndege iliinuka ikapita ubavuni mwao, chini kabisa, naye akazunguka nayo kwa kiuno, akabonyeza bila kusimama, akaendelea kuzunguka mpaka ikawa nukta. Kisha akaketi tena mbele ya ungo.

Siku ya tatu kamati ilikutana. Malalamiko yalikuwa yamefika mkoani kwamba unga wa njaa umetupwa uwanjani, na ilibidi majibu yaandikwe. Bonaventura alipendekeza waandike kwamba klabu ndiyo iliyodai unga, na kamati haikuwa na namna. Wajumbe waliafiki. Katibu alikuwa ameanza kuandika Laurian alipotoa barua mfukoni na kuomba kuisoma tena. Safari hii aliisoma mpaka nukta ya mwandishi mwenyewe.

Kalamu ya Bonaventura ilisimama.

"Siku ile hukusoma hivyo."

"Sikusoma."

"Chokaa ilikuwepo, Ndugu Laurian. Debe zima na nusu limebaki nyuma ya mlango huu."

"Najua. Chokaa haifanyi wingu."

Mjumbe mmoja aliuliza wingu gani. Laurian alieleza habari za picha, kwa ufupi na kwa mpangilio, kuanzia Dodoma. Walimsikiliza hadi mwisho, na alipomaliza ilionekana wangependelea aseme alikosea kusoma. Bonaventura aliandika majibu upya. Hakuandika zaidi ya yaliyosemwa, na jambo hilo Laurian alilikumbuka kwa heshima.

Agosti ilikuja barua ya uhamisho. Haikutaja unga wala ndege. Ilisema karani anahitajika Shelui, kwenye mnada, barabara ya kwenda Nzega. Shelui malori yanasimama usiku na mchana, lakini ndege hazitui.

Kabla ya kuhama alipitia kwa Chrispin. Mkanda ulikuwa umesafishwa. Picha ya tano, ya sita na ya saba zilikuwa masizi, kama alivyohisi. Chrispin aliiweka ya nane peke yake juu ya meza na kurudi nyuma hatua moja.

Ndege ya njano ilikuwa hewani, imetulia kabisa, kama iliyochongwa. Nyaya kati ya mabawa zilihesabika. Herufi zote tano zilisomeka, na kichwa cha rubani kilionekana na miwani yake. Chrispin alisema katika miaka yake yote hajasafisha picha kama ile. Aliomba kuikuza aiweke dirishani. Laurian aliruhusu.

Ya kwake aliichukua, na Jumapili akaenda nayo kijijini kuaga. Dorkas aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akairudisha, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Hii ni siku ile?"

"Ndiyo."

"Mimi niko wapi?"

Laurian alichukua unyasi, akaonyesha chini ya gurudumu. Pale mahali pa kichuguu, wanawake na nyungo palikuwa na mistari, myeupe na myeusi, iliyovutwa kutoka upande mmoja hadi mwingine kama nyuzi. "Hapa. Au hapa."

Dorkas aliifuata mistari ile kwa ukucha.

"Mbona ndege ndiyo imetulia," aliuliza, "na sisi ndio tunaokimbia? Nilikuwa nimepiga magoti."

Laurian alimweleza habari za kamera, jicho zito, na kugeuka kwa kiuno. Mama yake alisikiliza, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akamrudishia picha. Kisha akaenda jikoni kusonga ugali. Ulikuwa wa sembe, na ukitafuna polepole ulisikia mchanga.

Katika daftari la kijani, ukurasa wa tarehe saba Julai 1969, kuna herufi za ndege tatu, saa za kutua na kuruka, na upepo: mashariki, mkali. Chini yake kuna sentensi moja ya Kiingereza iliyonakiliwa yote, kutoka mwanzo hadi nukta. Ukurasa unaofuata ni wa Shelui, hauna kitu isipokuwa tarehe.